Kueleza na kutambua vifaa vya kichawi mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamfaa nani?

DM (Dungeon Master, yaani msimamizi wa mchezo) yeyote wa Nairobi anayeendesha mchezo kwa Kiswahili, au kwa ule mchanganyiko wetu wa kila siku, pamoja na wachezaji wake. Mifano mingi ya sheria nimeitoa kwenye Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kutunga hadithi pamoja na kurusha kete, toleo la tano, hasa vitabu vya 2014, maana ndivyo watu wengi ninaokaa nao mezani wanavyo. Sheria zake za msingi, SRD 5.1, zilitolewa mwaka 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaweza kuzipakua na kuzichapisha bila kuvunja sheria ya mtu. Ukicheza mchezo mwingine, hesabu za kete zitabadilika, lakini kazi ya kueleza kitu ni ile ile.

Kwa nini nisiwaambie tu kwamba wamepata upanga wa +1?

Kwa sababu hiyo ni habari ya karatasi. Mchezaji ataandika "+1", yaani nyongeza ya moja kwenye kete, pale pembeni, kisha atauliza chumba kinachofuata kina nini. Hakuna aliyeushika huo upanga, na ukiibwa kesho hakuna atakayeulilia.

Sasa sikiliza mazungumzo haya:

DM: Chini ya majivu kuna upanga mfupi. Mpini umezungushiwa ngozi nyeusi, na ngozi hiyo imelika mahali pamoja tu, pale kidole gumba kinapokaa.

Mchezaji: Kidole gumba cha mkono gani?

DM: Wa kushoto.

Mchezaji: Ngoja. Yule nahodha kwenye picha ya ukumbini, si alikuwa ameshika upanga kwa kushoto?

Hakuna kete iliyorushwa. Mchezaji ameuliza, amepata jibu la kweli, na sasa upanga una mwenyewe. Ile +1 itakuja baadaye, na ikija itakuwa nguvu ya upanga wa nahodha.

Majibu yote yanayofuata yanatoka kwenye jambo hili moja: kifaa kitambulike kwa kushikwa. Jina na nguvu zake zije baada ya mchezaji kukigeuza mkononi, kukinusa, kukijaribu, au kumpelekea mtu anayejua. Kutambua ni mchezo wenyewe, na DM anayeruka hatua hiyo anawanyima wachezaji wake sehemu tamu kuliko hata kile kifaa.

Nianzie wapi ninapokieleza?

Anza na kile mkono unachokihisi kabla jicho halijamaliza kuangalia: uzito na joto. Kizito kuliko kilivyotarajiwa, au chepesi. Cha baridi ilhali kimelala juani. Halafu nenda kwenye alama za matumizi, yaani palipolika, palipotiwa kiraka, palipooshwa sana. Mwisho weka jambo moja, moja tu, ambalo halikai sawa. Sentensi tatu au nne zinatosha. Zikizidi hapo wachezaji wanaanza kuangalia simu, na hawana makosa.

Maneno ya kuepuka ni "cha ajabu", "cha kale" na "kinang'aa". Mchezaji hawezi kufanya chochote na "cha ajabu". Mwambie kwamba kofia ya chuma ina harufu ya mvua hata ndani ya pango kavu, na ataanza kufikiri.

Ukikosa mawazo, tembea Kamukunji kwa mafundi wa jua kali ukae nao kidogo. Nunua hata kitu kidogo ili usiwe mtu wa kupiga domo tu. Angalia karai lililotengenezwa kwa bati la pipa la mafuta. Upande wa nje nyundo imeacha vidimbwi vidogo vidogo vilivyopangana kwa duara, na kila fundi ana mpigo wake. Upande wa ndani, mara nyingi, rangi ya pipa bado iko, pengine na nusu ya herufi iliyokatwa na mkasi. Chukua hilo karai ulipeleke kwenye kampeni yako, yaani ile hadithi yenu ndefu ya vikao vingi. Ngao iliyofuliwa kutoka kwa mlango wa hekalu, na nyuma yake, pale mkono unapopita, bado kuna nusu ya dua iliyochongwa. Nusu nyingine iko wapi? Ngao ngapi zilitoka kwenye mlango ule? Hapo una kazi ya vikao kadhaa, na hujataja nguvu yake hata moja.

Dalili za uchawi ziwe wazi kiasi gani?

Ziwe za haki. Maana yake ni kwamba mchezaji akija kuujua ukweli, aweze kurudi nyuma na kusema, "Kumbe ndiyo maana." Dalili isiyo na uhusiano na nguvu ya kifaa ni uongo, na wachezaji wakishaona unawadanganya wanaacha kuuliza.

Chukua ile Immovable Rod. Ni fimbo bapa ya chuma yenye kitufe upande mmoja, na ukikibonyeza inagandia hapo ilipo hewani, ikibeba hadi pauni 8,000, yaani zaidi ya tani tatu na nusu. Usiseme ni ya kichawi. Sema tu ni chuma kisicho na kutu, na kwamba upande mmoja kuna sehemu inayobonyea. Mtu atabonyeza, hilo ni hakika. Atashangaa mkono wake ukienda na fimbo ikibaki. Kifaa hiki kinajitambulisha chenyewe, na ni cha kumpa DM anayeanza.

Bag of Holding nayo: kwa vitabu vya 2014 ina uzito wa pauni 15, karibu kilo saba, iwe tupu au iwe imejaa. Mpe mchezaji mfuko mtupu ambao ni mzito kupita kiasi. Kisha subiri aweke sufuria ya kundi ndani, aubebe, na agundue kwamba uzito haujaongezeka. Pete ya Feather Falling, inayomshusha polepole mvaaji anayeanguka, mimi huifanya ikidondoka mezani ishuke taratibu na isitoe sauti. Kitabu hakisemi hivyo, lakini dalili hiyo inaelekea kwenye ukweli, na hilo ndilo la muhimu.

Sheria za toleo la tano zinasemaje hasa?

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni uchawi wa Identify, wa ngazi ya kwanza. Unachukua dakika moja, au dakika kumi na moja ukifanywa kama tambiko bila kutumia nafasi ya uchawi, mojawapo ya zile chache ambazo mchawi anazo kwa siku. Unahitaji lulu yenye thamani ya angalau vipande 100 vya dhahabu na unyoya wa bundi. Lulu haiishi, ukiwa nayo moja unaitumia kila mara.

Ya pili haihitaji mchawi. Mhusika anakaa na kifaa mkononi wakati wa pumziko fupi, saa moja, akikizingatia tu, na mwisho anajua kinafanya nini na kinatumikaje. Dawa za chupa ni rahisi zaidi: kuonja kidogo kunatosha.

Wengi huchanganya Identify na Detect Magic. Hii ya pili inakuambia tu kwamba kuna uchawi ndani ya futi 30, karibu mita tisa, na ukiangalia vizuri unajua ni wa aina gani. Haitaji jina wala kazi ya kifaa. Tena inazuiwa na ukuta wa jiwe wa futi moja, na hata karatasi nyembamba tu ya risasi, ile metali laini nzito. Mtu mwerevu aliyeficha kitu cha thamani angetumia sanduku lililopakwa risasi kwa ndani, na ni haki wachezaji wakute masanduku ya namna hiyo kwenye nyumba za watu werevu.

Ukiona ile saa moja ya pumziko inafanya mambo kuwa mepesi mno, kitabu cha DM kina sheria ya hiari inayoiondoa, ili kifaa kitambuliwe kwa Identify, kwa majaribio, au kwa vyote viwili. Naipenda. Lakini waambie wachezaji kabla ya kampeni kuanza, si siku wanapopata hazina.

Ni kweli zamani kutambua kifaa kulikuwa na gharama kubwa?

Kubwa sana. Dungeons & Dragons ya kwanza ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka 1974, na kitabu cha wachezaji cha toleo lililoitwa Advanced kikatoka 1978. Identify ya kitabu hicho ilimtaka mchawi aloweke lulu na unyoya wa bundi kwenye divai, ainywe, na ameze kisamaki kizima kikiwa hai. Baada ya hapo alipoteza pointi 8 za Constitution, yaani uimara wa mwili, hadi apumzike. Na alilazimika kukishika au kukivaa kifaa chenyewe, kwa hiyo kama kilikuwa na laana, ilimpata yeye kwanza. Seti ya Basic ya 1981 haikuwa hata na uchawi huo: ulionja, ulivaa, ulijaribu, ukaona.

Sisemi turudi kumeza samaki. Ila mtu akishaona mambo yalivyokuwa, anaelewa kwamba ujuzi ulinunuliwa, na bei ikawafanya wachezaji wafikirie kama kifaa hiki kinastahili. Leo bei inaweza kuwa muda, safari, deni kwa mtu fulani, au siri inayofichuka kwa mtu usiyemtaka. Chagua moja.

Na Pathfinder, ule mchezo mwingine wa aina hii?

Toleo lake la pili, la 2019, lina mpango ninaouheshimu. Kutambua kunachukua dakika 10, na unaweza kutumia ujuzi wa Arcana, Nature, Occultism au Religion kutegemea aina ya uchawi. Anayeendesha mchezo ndiye anayerusha kete, kwa siri. Ukishindwa, unasubiri siku nzima kabla ya kujaribu tena. Ukishindwa vibaya, unaambiwa jambo la uongo na hujui kwamba ni la uongo.

Hapo kwenye uongo ndipo ustadi ulipo. Uongo mzuri unafaa ukae karibu na ukweli. Kama kifaa kinalinda dhidi ya moto, sema kinalinda dhidi ya baridi. Mhusika atakitegemea siku moja, kitamwangusha, na mchezaji ataona mantiki yake. Ukisema ni filimbi ya kuita joka ilhali ni kijiko, umeharibu.

Mchawi wetu ana Identify, na kila siri inaisha kwa dakika moja. Nimzuie?

Hapana, tafadhali. Mchezaji huyo ameacha uchawi wa kupigana ili achukue huu. Ukianza kusema "haufanyi kazi hapa" kila mara, umemwibia. Uache ufanye kazi kikamilifu: umwambie sifa za kifaa, namna ya kukitumia, kama kinahitaji kufungamana na mtu (attunement), na kina chaji ngapi.

Angalia kisichokuwemo kwenye orodha hiyo. Identify haisemi nani alikitengeneza. Haisemi kilifikaje kwenye kaburi la mtoto, nani bado anakitafuta, au ni nani aliyekikwaruza jina likafutika. Kwa hiyo gawa maarifa. Matumizi mpe mchawi. Historia mpe yule mwenye ujuzi wa History, au mzee wa kijiji, au fundi anayeutambua mpigo wa nyundo ya babu yake. Kila mchezaji atakuwa na kipande, na watalazimika kuzungumza.

Kisha hiyo lulu na huo unyoya usiviache viwe maandishi tu kwenye karatasi ya mhusika. Lulu ya vipande 100 vya dhahabu haipatikani kila kijiji. Na kwetu bundi ni ndege wa mkosi. Akilia juu ya paa watu hawalali. Sasa mhusika anayehitaji unyoya wake ataupataje, na majirani wakimwona amebeba bundi watasema nini? Kwenye ulimwengu uliojengwa kwa hisia zetu, mchawi anayeonekana na unyoya huo ana maelezo ya kutoa. Hiyo ni hadithi tayari, na sheria haijaguswa.

Wachezaji wangu wanaonja kila chupa. Niwafanyeje?

Furahi nao, na uweke daftari. Dawa moja ikishakuwa na ladha ya ukwaju na kuuacha ulimi umekufa ganzi, iwe hivyo kampeni nzima. Wachezaji wakikumbuka ladha hiyo miezi mitatu baadaye na kusema "hii tunaijua", watakuwa wamejifunza kitu ndani ya ulimwengu wako kwa ndimi zao wenyewe. Mimi huandika mambo matatu kwa kila dawa: rangi, ladha, na kinachotokea mwilini kabla nguvu haijaja. Mwarobaini mchungu na jasho la ghafla kwenye viganja. Moshi wa kibuyu cha mursik, kisha masikio yanazibuka. Usimtajie mchezaji jina la dawa mpaka alikisie.

Wengine wanapenda rangi zibadilike kila kampeni, kama mchezo wa kompyuta wa Rogue wa karibu 1980 ulivyofanya kila ulipoanza upya. Ni sawa pia, lakini ndani ya kampeni moja usibadilishe.

Mchezaji anayeonja bila kufikiri atakutana na Potion of Poison. Kwa sheria za toleo la tano, inaonekana, inanukia na ina ladha sawasawa na dawa ya uponyaji, ule wekundu unaometameta ukitikisa chupa. Kuonja hakuigundui, Identify inaigundua. Lakini usiiweke kwenye hazina kavukavu. Iweke mahali ambapo mtu alikuwa na sababu ya kuacha sumu: kwenye meza ya mtu aliyejua kwamba wanakuja, kando ya glasi ambayo haijaguswa. Mwenye macho ajiokoe.

Vifaa vyenye laana ni haki?

Ni haki kama kulikuwa na dalili na kama kuna njia ya kutoka. Kwenye toleo la 2014 Identify kwa kawaida haionyeshi laana, na wachezaji wengi hawalijui hilo, kwa hiyo liseme mapema. Mfano ni Berserker Axe. Ni shoka zuri kwelikweli, linaongeza uhai kwa kila ngazi ya mhusika, na mwenye kufungamana nalo hataki kuliachia. Akiumizwa vitani anaweza kupandwa na hasira na kumkata yeyote aliye karibu, rafiki akiwemo. Uchawi wa Remove Curse ndio unaomkomboa.

Dalili yake? Lieleze shoka lilivyokutwa. Limeshikwa na mifupa ya mtu, na miili mingine imemzunguka. Wote wamevaa nembo moja na yeye. Hakuna adui hata mmoja. Mchezaji akiliona hilo na bado akaliokota, amechagua, na ataipenda laana yake.

Kufungamana na kifaa nikueleze vipi? Naona ni mstari tu wa sheria.

Sheria ni fupi: pumziko fupi la saa moja, tofauti na lile la kukitambua kifaa, na mtu mmoja hawezi kufungamana na zaidi ya vifaa vitatu kwa wakati mmoja. Lakini sisi tuna mfano mkubwa karibu nasi. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, ile ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili ni baragumu kubwa zilizopulizwa kwenye harusi za koo kubwa na kutawazwa kwa watawala. Haikuwa kwamba yeyote mwenye pumzi anachukua na kupuliza. Palikuwa na wenye haki, na palikuwa na shughuli yake.

Basi muulize mchezaji: mhusika wako anafanya nini katika saa hiyo moja? Anakipaka mafuta? Anakitajia majina ya babu zake? Kifaa kinamkubali au kinamjaribu? Dakika mbili za kuongea hapo zinageuza mstari wa sheria kuwa tukio. Na mhusika mwenye vifaa vitatu tayari akitaka cha nne, muulize anakiaga kipi, na kwa maneno gani.

Naweza kutumia vitu vya mila zetu kama hazina?

Swali hili linanigusa kuliko yote, na jibu langu lina ndiyo na hapana ndani yake.

Kuna vitu ambavyo kwa watu halisi, walio hai, si mapambo. Vigango vya Wamijikenda ni nguzo za ukumbusho wa wazee waliofariki. Vingi viliibwa kutoka Pwani na kuuzwa kwa wakusanyaji ng'ambo, na makumbusho moja ya Denver, Marekani, iliachilia 30 virudi nyumbani. Ngoma ya ngadji ya Wapokomo ilichukuliwa wakati wa ukoloni na imehifadhiwa British Museum, London, mbali na watu wake. Fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa 1905, zilirudi kutoka Uingereza mwaka 2006. Ukimwambia mchezaji "mmepata kigango, kinatoa +2", umefanya mezani kile kile mwizi alichofanya. Sikushauri, na mezani kwangu sitaki.

Lakini namna mambo hayo yanavyofanya kazi ni hazina kubwa kwa DM. Kitu kinachozikwa katikati ya makazi kulinda watu wote, kama fingo kwenye kaya za Wamijikenda, ni kifaa ambacho hakibebwi: nguvu yake ipo mradi kimelala pale. Wachezaji wakikifukua kimekufa, na kijiji kiko wazi. Shujaa asiyeumizwa na chuma chochote isipokuwa kitu kimoja, kama Fumo Liyongo na ile shaba ya kitovuni, anakufundisha silaha ndogo isiyo na thamani kwa yeyote ila dhidi ya mtu mmoja. Sindano ya shaba ndani ya hazina ya mfalme! Detect Magic isionyeshe kitu, Identify iseme ni sindano, na wimbo wa mama mmoja anayetwanga ndio uwape jibu. Luanda Magere naye, ambaye udhaifu wake ulikuwa kwenye kivuli, anakupa mkuki unaopita mwilini bila kudhuru na kujeruhi kivuli.

Kisha kuna hadithi ninayotamani iendeshwe kwenye meza zote za jiji hili: wachezaji wananunua kifaa sokoni, wanakitambua polepole, na kila wanachojifunza kinawaambia kwamba kilitolewa kwa watu ambao bado wanakililia. Nguvu zake ni kubwa na wanazihitaji. Waache waamue. Usiwasukume.

Tunga majina yako mwenyewe, tunga watu wako, na ukitumia mila ya jamii isiyo yako, kaa na mtu wa jamii hiyo kwanza.

Wapi Nairobi naweza kuona vitu vya kunipa mawazo?

Jengo la Kenya National Archives, Moi Avenue. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili: silaha, vito, vinyago kutoka Afrika nzima. Beba penseli, eleza kitu kimoja kwa sentensi nne bila kusoma lebo, kisha soma lebo. Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa (PC), ina vingine vya Murumbi, na Makumbusho ya Taifa yanahitaji siku nzima. Kariokor kwa ngozi na viondo. Kamukunji nimeshaisema.

Maelezo yote haya niyawekeje ili yasipotee?

Kadi za manila zilizokunjwa katikati. Nje andika kinachoonekana na kushikika. Ndani andika sheria, kisha bana kwa stepla. Mchezaji anaibeba kadi mpaka kifaa kitambuliwe, ndipo anaibandua mbele ya wenzake. Acha nafasi nje ili waongeze wanachogundua kwa mwandiko wao.

Wakitaka kuuza kifaa ambacho hakijatambuliwa?

Vitabu vya 2014 vinakadiria kifaa cha nadra ndogo (uncommon) vipande 101 hadi 500 vya dhahabu, na cha nadra halisi (rare) 501 hadi 5,000. Muuzaji asiyejua anachouza hana haki ya bei hiyo, na mnunuzi naye anaogopa laana. Mazungumzo yaende hivi:

"Mzee, habari ya kazi?"

"Nzuri, mwanangu. Umeniletea nini leo?"

"Pete. Sijajua inafanya nini."

"Wewe umeivaa?"

"Bado, mzee."

"Basi nami siivai. Nitakupa hamsini kwa madini yake. Ukirudi unaijua, tutaongea mambo ya mia nne."

Mzee huyu hajawadanganya. Kama unataka awe mjanja, mfanye aitazame pete muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kabla hajasema hamsini, na useme hivyo kwa sauti ili mwenye kutaka kurusha kete ya Insight, ujuzi wa kusoma nia ya mtu, arushe.

Nyumbani wanaogopa kwamba mchezo wenyewe ni uchawi. Nijibuje?

Kwa heshima, bila kucheka. Marekani kwenyewe miaka ya 1980 kulikuwa na wazazi wengi waliokuwa na hofu hiyo hiyo. Mwambie, "Mama, karibu ukae utusikilize," umwekee kiti na chai. Atasikia watu wanahesabu, wanabishana kuhusu kamba na tochi, na wanatunga hadithi. Kama bado hataki, ni nyumba yake, hamieni kwingine.

Wamebeba kifaa vikao vingi na hawajakitambua. Sasa?

Kwanza angalia kama dalili zako zilitosha. Ongeza moja, ya wazi zaidi, na iweke wakati wa hatari: kipande cha kioo kinachopata joto kila wanapodanganywa kipate joto hadi kimuunguze mwenye mfuko, katikati ya mazungumzo na balozi. Wengi watashtuka hapo hapo.

Wasiposhtuka, mlete mtu anayekijua. Msafiri anayeomba kukaa karibu na moto wao, akione, aulize walikitoa wapi. Kabla ya kikao andika majibu ya maswali matatu watakayomuuliza: kilikuwa cha nani, kinafanya nini, na yeye anakitakia nini. Wakimuuliza, ajibu. Wasipomuuliza, awape bei nzuri na aondoke nacho, kisha kioo hicho kirudi kwenye kampeni kikiwa mkononi mwake.